Daftari la mabandiko lisifumuliwe

Mhariri,

Wapo wanaoyaona madaftari ya kale yaliyobandikwa vipande vya magazeti, tiketi na matangazo ya minada kuwa ni takataka tu zilizobahatika kupata rafu. Siafikiani nao. Maktaba kongwe kama Chetham's ya Manchester, iliyoanzishwa mwaka 1653, ina vitabu vingi vya wanazuoni. Lakini nani aliuza farasi, nani alicheza jukwaani, kisima gani kilifukiwa? Hayo huachiwa mtu mmoja mwenye mkasi, gundi ya unga na subira (na pengine mke aliyechoshwa na meza isiyosafishika).

Ninachoogopa ni kufumuliwa kwa madaftari haya. Kisingizio kipo: magazeti ya mwishoni mwa karne ya 19 yalichapwa kwenye karatasi ya rojo ya mbao, yenye asidi, nayo hugeuka manjano, hukatika na kutia doa ukurasa unaotazamana nao. Gundi nayo huita wadudu. Basi mtu hushawishika kubandua kila kipande na kukiweka kwenye bahasha yake. Hapo ndipo tunapopoteza. Tangazo la maziko likikaa kando ya picha ya daraja jipya, na chini yake neno moja la wino, mpangilio wenyewe ni ushahidi.

Kila ukurasa upigwe picha ukiwa mzima kabla ya kuguswa. Na katalogi iache kuandika “daftari, mabandiko mbalimbali” halafu ikanyamaza. Iorodheshe kilichomo, ukurasa kwa ukurasa.

Msomaji wenu