Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Kusi, Kimbunga na Oda Zetu

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama wauza samaki wa Dodoma, mama zetu wa vikaango, wazee wa mizani na vijana wa kupakua mizigo: mbukwenyi!

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu, na nakala mnazo mkononi, kwa hiyo sitazigusa. Suala la maji ya kuoshea samaki nalo naliruka. Tulilimaliza kwenye kikao cha Oktoba, na anayetaka kulifufua asubiri mengineyo. Muda wangu nautumia kwa jambo moja lililotugawa mwaka mzima, yaani uamuzi wa kamati wa kusimamisha pesa za kutanguliza Pwani kwa oda za samaki kila Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inapotangaza upepo mkali na mawimbi makubwa baharini.

Najua yaliyosemwa. Kwamba sisi tuko Dodoma, kilomita kama 450 kutoka Dar es Salaam, na bahari hatuioni. Kwamba mwenyekiti amegeuka mtabiri. Kwamba wauzaji wasio wanachama waliendelea kuuza Julai na Agosti huku sisi tukikaa na meza tupu. Hili la mwisho ni kweli, na siwezi kuwaambia kwamba hatukupoteza. Tulipoteza wateja, na wengine hawajarudi. Lakini naomba mnisikilize kabla hatujapiga kura ya kuuendeleza au kuufuta uamuzi huo.

Mnajua oda inavyokwenda. Jioni unapiga simu kwa mtu wako wa soko la samaki la Feri, au wa Bagamoyo, au wa Kilwa. Unamtumia pesa kwa simu. Yeye anaigawa: mafuta ya injini, barafu, posho ya mabaharia. Kufika usiku pesa yako imeshakuwa deni la nahodha. Sasa bahari ikichafuka, nahodha mwenye deni na nahodha asiye na deni hawaamui sawa. Asiye na deni anavuta chombo mchangani analala. Mwenye deni anatazama mbingu, anatazama simu, anatoka. Nasi tuko huku Majengo na Sabasaba, tunauliza tu kama gari limeshapita Morogoro.

Ndiyo maana kamati haikukataza kununua samaki. Samaki aliyekwisha kufika mnadani nunua siku yoyote, hata siku ya upepo, maana huyo ameshatoka majini. Kilichozuiwa ni pesa inayotangulia chombo. Wengi wenu mlilichanganya hilo, na wachache, nadhani, walilichanganya kwa makusudi.

Kwa wale waliozaliwa huku juu, nieleze kidogo kuhusu pepo. Watu wa Pwani wanauhesabu mwaka kwa pepo kama sisi tunavyouhesabu kwa mvua yetu moja ya Desemba hadi Aprili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Ni msimu wa joto, bahari ina utulivu zaidi, na vyombo huthubutu kwenda maji makuu. Baada ya hapo pepo hugeuka, masika huingia, kisha kusi hushika na kuendelea mpaka Septemba. Oktoba na Novemba ni matlai, na bahari inatulia tena. Kwenye mageuzi hayo upepo hauna msimamo, ndiyo wenyewe wanaita tanga mbili.

Kusi ndiyo inayotuhusu, hasa Juni, Julai na Agosti. Chanzo chake kiko mbali. Wakati wa kipupwe, mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa juu ya Bahari ya Hindi, jirani na visiwa vya Mascarene kwenye Mauritius na Réunion, huimarika na kuisukuma hewa kuja upande wetu. Hewa hiyo husafiri maelfu ya kilomita juu ya maji matupu bila kizuizi, na upepo ukipata uwanja mrefu hivyo, wimbi nalo linapata muda wa kukua. Juu ya hayo, mkondo wa bahari unaopita pwani yetu kuelekea kaskazini huongeza kasi msimu huo huo. Chombo kikizimika injini hakisubiri fundi pale kilipo, kinasombwa.

Na msidhani upepo huo unaishia ufukweni. Vumbi linalotufumba macho Julai na Agosti na kuyapeperusha maturubai sokoni linaletwa na pepo za ukoo huo huo. Unyevu wake mwingi umebaki kwenye milima ya Uluguru na Ukaguru, sisi tunafikiwa na ukavu na baridi ya usiku. Mimi siku hizi nikiona turubai linavutana na kamba zake tangu asubuhi, kabla sijampigia mtu wa Feri simu ya oda nafungua kwanza taarifa ya TMA. Siyo kipimo cha kitaalamu na sitaki mtu akitumie kama kipimo. Ni cha kunikumbusha tu kwamba upande wa pili wa barabara hii kuna maji.

Tangazo lenyewe tujifunze kulisoma, maana niligundua wengi wanasoma rangi tu. Njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini ya rangi kuna uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari, na hayo mawili ni tofauti: jambo laweza kuwa na uwezekano wa wastani na athari kubwa. Kisha yanatajwa maeneo. Miezi ya kusi tangazo tunalolizoea husema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, likitaja mikoa kama Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na Mafia, Lindi, Mtwara, na visiwa vya Unguja na Pemba. Soma jina la mahali. Ikiwa mzigo wako unatoka Tanga na tangazo linataja Lindi na Mtwara peke yake, huna sababu ya kukaa bila samaki. Taarifa za hali mbaya ya hewa hutolewa kwa siku tano mbele, kwa hiyo hakuna anayeshtukizwa asubuhi.

Mwenzetu mmoja alicheka kikaoni, akasema mita mbili ni urefu wa mlango, nani ataogopa mlango? Nilimjibu pale pale, lakini nirudie kwa faida ya ambao hawakuwepo. Kipimo cha urefu wa mawimbi wanachotumia wataalamu wa bahari ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Si wimbi kubwa kuliko yote. Katika bahari hiyo hiyo inayoitwa ya mita 2, wimbi moja moja laweza kukaribia mita 4. Ngalawa na mashua za wavuvi wanaotulisha hazikuundwa kwa mlango wa namna hiyo. Na tusiseme ni vyombo vidogo tu: Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo. Tarehe hiyo ni katikati ya kusi.

Sasa kimbunga Hidaya, maana hicho kilikuja kabla hata uamuzi wetu haujazoeleka.

Vimbunga vya Bahari ya Hindi upande wetu kwa kawaida huja kati ya Novemba na Aprili, na mara chache sana hufika pwani ya Tanzania. Karibu na ikweta, nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ile inayoifanya hewa izunguke mpaka ikawa kimbunga, ni dhaifu. Ndiyo sababu wazee wa Pwani wanaweza kuvitaja vilivyowapiga kwa idadi ndogo: kile cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, kile cha Lindi mwaka 1952. Aprili 2021 tuliambiwa Jobo anakuja, akafifia kabla ya kufika, na watu wakafanya mzaha. Mzaha ule ndio uliotugharimu. Mei 2024 TMA walipoanza kutangaza Hidaya, simu nilizopokea zilikuwa za aina moja: mwenyekiti, hii ni Jobo nyingine.

Haikuwa Jobo nyingine. Mei 4 Hidaya iliingia kupitia eneo la Mafia, na ingawa ilikuwa inapungua nguvu, mvua yake iliharibu barabara ya kusini upande wa Kilwa na Lindi. Boti za Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimama. Waliokuwa na pweza na ngisi wa Kilwa njiani walipoteza mzigo wote, kwa sababu barafu haisubiri daraja litengenezwe. Hapo sina la kumlaumu mtu. Tahadhari ilikuwepo na ilitolewa mapema. Nasema tu kwamba tangazo likitolewa halafu upepo ukapungua au ukapita pembeni, hilo halimaanishi tulidanganywa, na anayepanga oda kwa kuhesabu mara ngapi tangazo halikutimia atakuja kulipa siku litakapotimia.

Kuna waliokwepa uamuzi kwa kutuma pesa kwa simu za shemeji na wadogo zao. Majina ninayo, sitayasoma hapa. Mtu wa namna hiyo hakuikomoa kamati. Alimpeleka mtoto wa mtu majini siku ambayo wenzake walikuwa wamevuta vyombo.

Sasa tunaishije miezi hiyo mitatu? Hapa kamati ina mambo kadhaa, mengine tumeshayajaribu.

La kwanza ni friza la pamoja. Kaskazi na matlai ndipo samaki wanapopatikana vizuri na bei ya mnadani inashuka. Tukinunua Machi kwa wingi na kugandisha, Juni hatuko mikononi mwa upepo. Umeme ni gharama, najua, na ndiyo maana nataka liwe la pamoja badala ya kila mtu kuhangaika na jokofu la nyumbani linalogandisha samaki juu na kuwaacha chini wakivuja.

La pili ni dagaa wakavu. Hawa hawana haraka ya barafu. Lakini hata dagaa ana kalenda yake: Pwani huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kamili taa haivuti kitu. Kusi ikikutana na mbalamwezi, msishangae gunia likipanda bei, na msimtukane dalali. Dalali ana makosa yake mengi, hilo si mojawapo.

La tatu ni Mtera na Bahi. Perege na kambale wa huku kwetu ni samaki wazuri na wako karibu. Sharti langu ni moja: auzwe kwa jina lake. Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018 na ofisi kuhamia, tumepata wateja wengi wa Kisasa na Mtumba waliokulia Dar es Salaam na Tanga. Hao wanamjua changu kwa jicho tu. Ukimwambia perege ni changu, anacheka, anaondoka, na anawaambia ofisi nzima.

Wapo walioniuliza kuhusu treni ya mwendokasi iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024. Tumeifurahia kama abiria. Mizigo yetu bado iko barabarani, na hata siku reli itakapobeba makasha ya barafu, itafupisha njia ya Morogoro. Kusi itabaki pale pale.

Kwa hiyo pendekezo la kamati kwa mwaka 2025, ambalo mtalipigia kura, ni hili. Uamuzi uendelee kwa marekebisho mawili. Kwenye angalizo la njano, mwanachama aruhusiwe kutanguliza pesa ya barafu na usafiri peke yake, isiwe ya mafuta ya chombo wala posho ya mabaharia. Kwenye machungwa na nyekundu, pesa yoyote isitangulie kwenye maeneo yaliyotajwa mpaka tangazo liondolewe. Katibu atakuwa anaweka taarifa ya TMA kwenye kundi letu la simu kila inapotoka, nzima kama ilivyo, bila kuikata na bila kuongeza maneno yake. Tafadhali msiizibe kwa picha za salamu za asubuhi.

Na jambo la ziada ambalo si la kura: kila mmoja anayenunua Feri amuulize mtu wake, mara moja tu, kama chombo kina maboya ya kutosha watu wote waliomo. Jibu utakalopata litakusaidia kuchagua nani wa kufanya naye biashara.

Uchaguzi wa kamati ni mwaka kesho, kwa hiyo leo hakuna kampeni. Michango ya friza itapokelewa na mweka hazina hadi mwisho wa Februari, ili tununue samaki wa Machi kabla kaskazi haijaisha. Wanaotaka hisa mbili waandike mapema. Sasa namkaribisha mweka hazina, na baada yake maswali, tukianza na waliokaa nyuma.