Mteuzi si mgawa vyeo tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwajibu wale wanaodai kwamba Kiswahili hakina neno moja la kumtaja mtu mgumu kuridhika, yule ambaye kila anachopewa hukitia kasoro, na kwamba kwa sababu hiyo hatuna budi kuzunguka kwa kusema "mtu wa kuchaguachagua". Neno tunalo, nalo ni mteuzi. Kilichotokea ni kwamba siku hizi magazeti, likiwamo hili lako, hulitumia karibu kila mara kwa maana ya mwenye mamlaka ya kumpa mtu cheo, hata ile maana nyingine ikawa kama imeachiwa methali peke yake: mteuzi haishi tamaa, au heshi tamaa, kama wasemavyo wengine.

Methali hiyo haimhusu kiongozi hata kidogo, ingawa kuifasiri kuwa ni kijembe kwa wagawa vyeo, sikatai, kuna utamu wake. Inamsema mtu anayechambua mno, ambaye hakosi kuona kilicho bora kuliko alichonacho mkononi, ndiyo maana hamu yake haikatiki. Methali nyingine, mchagua nazi hupata koroma, humtabiria mtu huyo hasara kabisa, kwa kuwa koroma limekwisha kupita hali ya dafu na halijafikia kuwa nazi, hivyo halimfai sana anayetaka maji wala anayetaka kukuna.

Asili ya neno lenyewe iko wazi kwa atakayelitazama umbo lake. Kitenzi ni teua, na anayetaka kujua z ya mteuzi imetoka wapi aanze na teuliwa na mteule, ambamo l inasikika bila shaka. Sauti hiyo ilikuwa mwishoni mwa mzizi tangu zamani. Katika teua imedondoka kwa kuwa ilikaa kati ya irabu mbili, na katika mteuzi imegeuka z kwa kukutana na i ya mtendaji, yaani ile ya mwisho inayomtaja afanyaye jambo. Ndivyo ilivyo pia kwa chukua, chukuliwa na mchukuzi, na kwa okoa, okolewa na mwokozi. Huu ni mwenendo wa Kibantu, na hakuna chochote ndani ya mzizi huo kinachotaja ofisi au madaraka. Kuteua ni kutoa kilicho bora kati ya vingi. Anayefanya hivyo kwa kiasi husifiwa, na ndiyo maana wahakiki wa fasihi huuzungumzia uteuzi wa msamiati wanapompima mshairi. Anayezidisha ndiye mteuzi wa methali.

Wapo watakaosema kwamba neno kinyaa linatosha. Halitoshi. Mwenye kinyaa hukataa kwa sababu moyo unamchafuka, ilhali mteuzi hukataa hata kitu kisafi kabisa kwa kuamini kwamba kipo kizuri kuliko hicho. Kunyanyapaa ni jambo zito zaidi, kwani hapo anayekataliwa ni mtu, na si haki kulichanganya na ugumu wa kuchagua shati. Anayedeka naye ni mwingine: hukataa ili abembelezwe, na akishabembelezwa hukubali, jambo ambalo kwa mteuzi halisaidii kitu.

Hofu kwamba wasomaji watachanganyikiwa haina msingi, kwa kuwa anayeitwa mteuzi wa nguo hawezi kudhaniwa kuwa anagawa vyeo, na penye shaka mwandishi wa habari za serikali anaweza kuandika "mamlaka ya uteuzi", maneno ambayo yamekwisha kuzoeleka. Naomba basi waandishi wako wa kurasa za malezi, ambako watoto wanaokisukuma kando kila chakula hutajwa mara kwa mara, waanze kuwaita wateuzi.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi