Kaka, mlipe yule kapteni

Kaka,

Jumanne usiku uliuliza kwenye kundi la familia kama kuna haja ya kulipa kapteni wa mashua mkienda kuvua Ziwa Naivasha, ama uazime tena mashua ya rafiki yako mwende wawili tu, wewe na kijana. Shangazi akacheka, wengine wakakupigia makofi. Mimi niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, hadi saa saba. Jibu langu ni hili: lipa.

Najua umevua tangu utotoni. Kule Nzoia ulitoa kambare kwa mshipi na nyungunyungu, na aliyekubebea kopo la chambo ni mimi. Lakini mto ule ulijua kila jiwe lake. Naivasha unaenda mara moja kwa miaka mitatu, na kila ukirudi unakuta ziwa jingine. Maji yalipopanda mwaka wa 2020 yalimeza migunga ya ukingoni. Mingine bado imesimama majini imekauka, mingine ni visiki usivyoviona. Na besi, wale samaki walioletwa kutoka Marekani miaka ya 1920, hupenda kujificha penye vitu kama hivyo. Kwa hiyo pale unapotamani kutupa ndoana ndipo propela inapovunjikia. Mtu anayeshinda ziwani anajua apite wapi, anajua viboko wamelala upande gani, na kwamba mashua haikai kati ya kiboko na kina cha maji. Unamlipia hayo. Kufunga ndoana unajua mwenyewe.

Wala usiseme mtavulia nchi kavu, maana viboko hupita hapo hapo kwenda malishoni. Kama haja ni kijana ashike samaki tu, kuna mabwawa ya kufuga samaki hapa Kiambu, mtalipia mtakachovua na chakula cha mchana mtakula nyumbani. Huko sitakusumbua.

Lakini ni ziwa unalotaka, na najua kwa nini ni lile.

Kaka, ile asubuhi bado naiona. Mzee na sweta yake ya kijani, amekaa kwenye jiwe anakula mahindi ya kuchemsha. Yule kapteni alikuja kwa adabu, akamwamkia Mzee kwanza. Akasema upepo utaanza mapema leo, niwapeleke niwarudishe kabla ya saa saba. Ukamwambia sisi si watalii. Akarudi nyuma bila neno.

Saa nane propela ilikuwa imekwama kwenye kisiki, mawimbi yanaingia, tumesukumwa hadi kwenye mafunjo, na kiboko anapumua mahali tusipomwona. Nilikuwa nateka maji kwa kile kikombe cha chai. Mzee alikuwa ametota, anatetemeka, na hakulalamika hata mara moja. Nani alikuja kutuvuta? Yeye. Akavua koti lake akamfunika Mzee. Na tulipofika ufukoni ukamtupia pesa mkononi ukasema, "Si hizi ndizo ulizotaka tangu asubuhi?"

Hilo ndilo sijaweza kusamehe. Visiki havikuwa kosa lako, na upepo ni wa Mungu. Lakini lile neno, mbele ya Mzee, kwa mtu aliyebaki na fulana kwenye baridi!

Utauliza mbona mimi nilinyamaza asubuhi. Nilikuwa na elfu tatu kwenye mfuko wa shati, na zingetosha. Lakini wewe ndiye mkubwa, na Mzee alikuwa anakutazama kama zamani, ulipokuwa unapanda kutoka mtoni na samaki begani. Ningetoaje pesa wakati ule? Ningekuaibisha. Halafu jaketi ya kuokoa maisha ya Mzee niliifunga mimi, wewe ulisema inambana. Na Alhamisi zote za kliniki zilikuwa zangu, hadi Machi. Daktari alisema moyo ulikuwa na shida kabla ya safari ile, nami nimekubali. Sikuhesabii. Nataka tu ujue kwamba nilikuwepo.

Kwa hiyo nisikilize. Namba ya yule kapteni ninayo. Nilimpigia jana, bado yuko. Kubalianeni bei kabla ya kupanda, umuulize kama mafuta, chambo na leseni vimo ndani, na kama ana jaketi inayomtosha mtoto. Tokeni Nairobi saa kumi alfajiri. Pesa nitatuma Ijumaa, na tafadhali usizirudishe kama zile za jiwe la kaburi. Umwombe radhi, kijana akisikia.

Ndoana za Mzee ziko kwangu kwenye lile kopo la majani chai. Njoo uzichukue mwenyewe, usitume mtu wa boda. Siku ya mazishi ulisimama ukasema Naivasha ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote, nami nikatoka nje. Lakini pale kwenye mafunjo nilimwona Mzee akikuvuta sikio akakunong'oneza kitu, ukainamisha kichwa. Upepo ulikuwa mkali, sikusikia. Alikuambia nini?