Barua kwa Mwanangu: Watu Niliowajua kwa Majina ya Kujipa

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Bibi yako mguu umepata nafuu, anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Baba yako mdogo alinipigia Jumapili usiku. Amesikia umejiunga na vijana wanaoandika mambo ya siasa mtandaoni, na alitaka nikukanye mapema kabla hayajakukuta makubwa hapo chuoni. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu najua anakupenda na hofu yake ina sababu. Lakini sitakukanya. Nataka nikusimulie jambo ambalo lilikuwa likiendelea nyumbani kwetu ulipokuwa mdogo, ukiniona nimeinamia simu baada ya chakula cha usiku ukadhani nafanya kazi za ofisi.

Unajua nilianza kazi nikiwa mhasibu msaidizi katika halmashauri. Mwaka 2006 nchi ilikuwa kwenye mgawo mkali wa umeme, ukame umekausha mabwawa, na serikali ikaingia mkataba na kampuni ya Richmond ifue megawati 100 za dharura. Umeme haukuja kama ulivyoahidiwa. Ofisini kila mtu alikuwa na lake la kusema, ila mlango ukifunguliwa tu, mazungumzo yanageuka kuwa ya mpira. Niliishi na maneno kooni muda mrefu, mama.

Wakati huo blogu za Kiswahili zilikuwa zimeshaanza. Ndesanjo Macha alifungua Jikomboe mwaka 2004, na kwa wengi wetu ile ndiyo mara ya kwanza kuona mtu anaandika siasa kwa Kiswahili kwenye intaneti bila kumsubiri mhariri ampitishe. Mwaka 2006 likaja jukwaa la Jambo Forums, lililobadilishwa jina baadaye likawa JamiiForums. Nilikuwa nikitoka kazini napitia intaneti kafe karibu na stendi, nalipia nusu saa. Mkongo wa baharini ulikuwa haujafika, ulifika 2009, kwa hiyo kila kitu kilipitia setilaiti na ukurasa mmoja ungeweza kumeza robo ya muda wako. Nikajifunza kuandika kwanza kwenye daftari nyumbani, nikifika pale nachapa tu.

Bandiko langu la kwanza la maana lilihusu ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mtu alikuwa ameweka ukurasa wa ripoti unaoonyesha halmashauri fulani ina malipo yenye nyaraka pungufu, na uzi mzima umeshahukumu kwamba fedha zote zile zimeibwa. Nikaeleza ninachokijua kwa mikono yangu: hati ya malipo inatakiwa iwe na viambatanisho vyake, yaani ankara, stakabadhi, hati ya kupokelea vifaa, au orodha ya waliolipwa posho ikiwa na saini zao. Mkaguzi akisema nyaraka ni pungufu, anasema hakuonyeshwa hivyo vitu. Huenda ni wizi. Huenda pia karani hakufungasha vizuri na jalada liko kwenye kabati jingine. Ukitaka kujua, fungua ripoti ya mwaka unaofuata, tazama kama hoja ya mkaguzi ilifungwa au imeachwa wazi, na kama imeachwa miaka mitatu mfululizo, hapo sasa uliza kwa sauti kubwa. Nikaeleza na masurufu: mtumishi anachukua fedha za safari, anatakiwa arejeshe hesabu akirudi, na asiporejesha sheria inataka akatwe kwenye mshahara. Nani hakatwi? Hilo ndilo swali.

Kesho yake nilikuta majibu mengi. "Mkuu, heshima kwako. Endelea kutupa darasa."

Sijui kama utaelewa neno hilo "mkuu" lilinifanya nini. Kule kila mtu huitwa mkuu, na jina nililojipa halikuonyesha kama mimi ni mwanamke au mwanamume, mzee au kijana, Mluguru au Mhaya. Kazini nilikuwa mdogo wa wote, kwenye vikao mimi ndiye wa kuandika muhtasari na kuhakikisha chai imefika. Kule watu ambao hawakuniona sura walipinga hoja zangu, wakazikubali, wakazitumia kubishana na wengine. Nikaanza kusoma sheria ya fedha za serikali za mitaa kwa ajili yao, usiku, wewe umelala. Na kilichotokea ni kwamba nilianza kuzungumza kwenye vikao vya kazini. Mweka hazina wetu alishangaa. Mimi nilijua nilikopatia ile sauti.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyejiita kwa jina la mto wa kwao. Mwana-CCM wa tangu ujana, na mimi mawazo yangu yalikuwa upande mwingine, hilo unalijua. Kila nikiandika jambo, anakuja na maneno yaleyale mawili: "Weka ushahidi." Hakutukana hata siku moja. Ukiweka ushahidi anausoma kweli, anarudi na maswali. Februari 2008, kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Mwakyembe iliposoma bungeni taarifa yake kuhusu Richmond, na kesho yake, tarehe 7, Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, wengi wetu tulishangilia usiku kucha. Yule mzee aliandika aya moja. Alisema anaumia kwa ajili ya chama chake, na kwamba kamati imefanya kazi iliyo halali na kila aliyeisoma taarifa anapaswa kukiri. Nilisoma ile aya mara nyingi. Nilikuwa nikifanya kazi na wanachama wenzake kila siku na sikuwahi kumsikia mmoja akisema hivyo mbele ya watu.

Tulibishana naye miaka. Baadaye akaacha kuonekana. Wiki zikapita, watu wanauliza, "Jamani mzee yuko wapi?" Siku moja akaunti yake ikaandika: aliyeandika ni binti yake, amepata nywila kwenye kijitabu cha baba, na anatuarifu kwamba baba amefariki na ameshazikwa kwao. Alisema baba alikuwa akiwaambia nyumbani, "ngoja niwajibu wenzangu," na wao hawakuwahi kujua wenzake ni akina nani. Ndipo tukajua jina lake halisi na kwamba alikuwa mwalimu mstaafu. Tulichanga kwa simu, watu ambao hatukuwahi kuonana, tukatuma rambirambi. Mimi nililia, na wewe ukaniuliza nini, nikakwambia kichwa kinauma kwa sababu sikujua nianzie wapi kukueleza msiba wa mtu nisiyemjua sura.

Yako mabaya pia. Matusi, watu wanaolipwa kusifia, na usiku mwingi unaopotea. Hayo utayaona mwenyewe. Linalonitisha zaidi kwa ajili yako ni siku ambayo wenzako, unaowapenda, watabandika jambo la uongo linaloufaa upande wenu. Kumwambia mpinzani aweke ushahidi ni rahisi. Mwambie rafiki yako, uone. Kundi ambalo haliwezi kuulizwa swali hilo na mtu wake lenyewe, mwanangu, ondoka.

Sasa nije kwenye hofu ya baba yako mdogo. Tangu mwanzo haikuwa kazi salama. Februari ileile ya 2008 Maxence Melo na Mike Mushi, waanzilishi wa lile jukwaa, walikamatwa na kuhojiwa. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao. Desemba 2016 Melo akakamatwa tena, akalala mahabusu siku kadhaa, akafikishwa mahakamani Kisutu kwa kuwa polisi walitaka taarifa za watu waliokuwa wakiandika na yeye hakuzitoa. Aprili 2020, katika mojawapo ya kesi hizo, alitiwa hatiani na kupigwa faini ya shilingi milioni 3. Fikiria mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa mtumishi wa umma, mjane, nina wewe na ada ya shule, na anwani yangu ya barua pepe ilikuwa ndani ya kumbukumbu zile pamoja na za maelfu ya wengine. Mtu ambaye sijawahi kumpa mkono alikuwa selo ili mimi niende kazini asubuhi. Deni hilo sijui nilipe vipi, na ni sehemu ya sababu siwezi kukwambia ukae kimya.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: mwenye blogu alipie leseni, ukijumlisha ada ya maombi, ya kuanzia na ya mwaka ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 2, na adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Blogu nyingi nilizozipenda zilifungwa, na Juni mwaka huo JamiiForums nayo ikawa nje ya hewa kwa muda. Wenzangu wengine sikuwapata tena. Kanuni zimerekebishwa baadaye, ada zimepungua, lakini watu wale hawakurudi wote.

Kwa hiyo zisome sheria hizo zote kabla hujaandika neno jingine, uzisome zenyewe, usisubiri kuhadithiwa. Usitumie kompyuta ya chuo. Picha ya mtu asiye kiongozi usiiweke.

Aprili, ripoti ya CAG ikishawasilishwa bungeni, pakua kitabu cha serikali za mitaa, tafuta halmashauri yetu, uangalie sehemu ya masurufu kisha uniandikie unavyoona. Mimi nitakuwa nasoma nakala yangu, na nitakuuliza maswali. Na mpigie baba yako mdogo mwenyewe, umweleze unachofanya. Usimwachie asikie kwa watu.

Mama yako