Watu 900 tutawapikia

Shangani, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Salaam nyingi. Sisi wazima, wanao wakubwa wanakusalimia, joto tu ndilo linatumaliza. Najua umeninunia: wiki ya tatu nimerudi kutoka London na sijakupigia. Lakini maneno yako nimeyapata kwa Mwajuma, eti harusi ya Lindi tuikatae, watu 900 hatuwawezi. Ngoja kwanza.

Rashidi alinipeleka kuona manowari ya zamani, HMS Belfast, imefungwa pale mto Thames karibu na Tower Bridge. Ilishushwa majini 1938, ikapigana Vita Kuu ya Pili, na tangu 1971 ni makumbusho. Mizinga 12 nimeiona, mikubwa, basi. Rashidi kaipiga picha yote, mmoja mmoja! Mimi na magoti yangu shida ilikuwa ngazi: zimesimama kama mnazi, unashuka kinyumenyume huku umekamata buibui kwa mkono mmoja. Na sitaha ziko tisa.

Halafu tukafika jikoni. Somoe! Majungu ya chuma yamefungiwa sakafuni kabisa, hayatikisiki, mbuzi mzima anaingia. Mikate ina chumba chake. Wapishi wamewekwa masanamu, na aproni zao. Wakati wa vita meli ile ilibeba mpaka wanaume 950, wote lazima wapikiwe kila siku, na yenyewe inasindikiza meli za mizigo kwenda Urusi, bahari ya barafu, mawimbi yanairusha. Sasa uji hapo unaukoroga vipi? Nilisimama mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimepotea. Nikasema napiga hesabu. Rashidi akamtafsiria, wakanicheka wote wawili.

Nilikuwa nahesabu mchele. Sisi kilo 100 zinatosha, tunapika mara moja, chini hapayumbi. Wale waliamka kesho yake wakaanza upya! Halafu wewe unaniambia hatuwawezi.

Masufuria ya maulidi bado yanaazimwa, au yule bwana kayafungia tena? Kuni utapata za mkorosho, au tuje nazo? Wanataka pilau au biriani? Kama biriani, bei tuzungumze upya. Advansi wameshatoa? Na Bi Hadija mkono wake umepona, ataweza kukuna nazi?

Nimekuletea kikombe chenye picha ya hiyo meli. Kimebanduka mdomo kidogo njiani, usinune tena. Mama wa bwana harusi usimjibu kitu mpaka unipigie.

Wako,
Asha