Uondoeni ule ubao

Wajukuu zangu wanafunzi, na ninyi walimu mliokalia viti tulivyoviacha sisi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ijumaa iliyopita nilikuja kusali Njia ya Msalaba pamoja nanyi. Vituo vyote 14 mliimba vizuri, moyo wangu ukatulia. Natoka tu kikanisani, nakutana na ubao. Madarasa yamepangwa kwa michango ya sadaka ya Kwaresima, wa kwanza hadi wa mwisho, kama matokeo ya mtihani. La mkiani limechorewa uso unaolia machozi.

Jamani! Jumatano ya Majivu si mlisomewa Mathayo sura ya 6? Utoapo sadaka usipige tarumbeta, na mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Majivu hayajafutika usoni, tarumbeta imeshatundikwa ukutani!

Sisemi kama mtakatifu. Enzi zangu nikifundisha, nilikuwa nasoma majina mbele ya darasa: fulani ametoa, fulani bado. Mtoto mmoja akaanza kuumwa tumbo kila siku ya kukusanya bahasha. Nikamwita mtoro. Nilichelewa mno kujua kwamba kwao ndiko ile sadaka ilikotakiwa kupelekwa. Mpaka leo, Misani tukifika pale pa kukiri dhambi, "nimekosa mimi", sura inayonijia ni ya mtoto yule.

Wala siwalaumu ninyi wanafunzi. Mmejifunza kwetu. Sisi wakubwa mkono hautoki mfukoni mpaka jina litajwe kwenye kipaza sauti na picha ipigwe. Maskini anasimamishwa katikati, ameshika alichopewa, analazimishwa kutabasamu. Halafu tunashangaa watoto kuchora nyuso zinazolia.

Mengine ni machache. Walimu, msiwakaripie wadogo kwa kula. Kanuni ya 1252 ya Sheria ya Kanisa iko wazi: kujinyima nyama kunamfunga aliyetimiza miaka 14, kufunga kunaanza utu uzima, yaani miaka 18, hadi mtu anapoanza mwaka wake wa 60. Wadogo wafundishwe maana ya toba, hilo nalo limo humo humo. (Mimi nilishavuka, nafunga kwa kupenda.) Dominika, yaani Jumapili, hazimo katika hesabu ya zile siku 40 za Kwaresima. Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, msikingoje Juma Kuu, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka; padre naye ni mtu, huchoka. Na wanakwaya, Aleluya imepumzishwa hadi Kesha la Pasaka, hata mazoezini msiichokoze.

Turudi kwenye sadaka, maana bado inaniwasha. Wekeni kisanduku kimoja chenye kifuniko, mlangoni mwa kikanisa. Kila mtu apite amefumba ngumi, aiingize, aitoe. Mwenye kitu atakuwa ameacha, asiye nacho atakuwa ameacha sala, na aliye nyuma yake hatajua lolote. Fedha zihesabiwe na watu wawili, jumla ya shule nzima isomwe mara moja, basi. Na kama mwenzenu wa dawati la jirani ndiye mhitaji, apelekewe jioni, bila wimbo wala picha.

Ijumaa hii nakuja tena. Nikiukuta ubao bado unaning'inia, nitauteremsha mwenyewe. Magoti yamechoka, lakini mikono bado ninayo.

Babu yenu, mwalimu mstaafu