Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: Nasi tusioona tunalipia king'amuzi

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni mama nisiyeona, mkazi wa Morogoro, na nimeudhika.

Juzi mvua ilipotuzidi, maji yakaanza kuingia kwa jirani, niliwasha televisheni. Mtangazaji akasema, kwa sauti nzuri kabisa: "Ukihitaji msaada, piga namba unazoziona hapo chini ya kioo chako." Ukafuata muziki. Namba hazikusomwa hata moja. Kusoma namba kunahitaji bajeti gani, Mheshimiwa?

Nadhani kuna watu wanaoamini kipofu ni mtu wa redio. Lakini kifurushi nakilipia bei ileile anayolipa mwenye macho mawili. Sijasikia punguzo la picha. Na tamthilia nazipenda. Ila ndiyo hivyo: mlango unalia, kimya kirefu, halafu mtu anapiga yowe. Nani? Kafanywa nini? Nikimuuliza mtoto wa kaka yangu, ananiambia, "Shangazi, subiri kwanza!" Akija kunieleza, tangazo la sabuni limeshaanza.

Dawa ipo, inaitwa maelezo ya sauti. Wahusika wakinyamaza, msimulizi anasema kinachoonekana: "Anafungua simu ya mumewe. Anasoma ujumbe. Anachukua kisu." Sauti hiyo hupitishwa kivyake, asiyeitaka haimsumbui. Uingereza waliiingiza kwenye sheria ya mawasiliano ya mwaka 2003. Sisi tulianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, tukaambiwa dijitali ni neema. Sawa. Matangazo ya dijitali yanaweza kubeba sauti zaidi ya moja. Neema hiyo tutaionja lini?

Wala siombi hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inavitaja waziwazi vipindi vya televisheni. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria yetu wenyewe. Wenzetu viziwi wameanza kuwekewa wakalimani wa lugha ya alama kwenye taarifa ya habari, nami nawafurahia. Sisi je? Au mnasubiri tuone wenyewe?

Najua mtaunda kamati, na kamati itakaa, na posho zitalipwa. Wakati ikikaa, naomba tamthilia moja ya Kiswahili, kwenye televisheni ya umma, yenye maelezo ya sauti. Moja tu, Mheshimiwa. Hata ya marudio.

Wako,
Mtazamaji nisiyeona, Morogoro